Mche Uliotoroshwa

Mimi si mwoga. Waulize kazini, watakuambia huyu mwanamke hasira zake ziko karibu, na mdomo wake hauna breki. Wananiita Kiberiti, tena mbele yangu. Lakini Jumatatu ile asubuhi, nilipoingia chumba cha wagonjwa nikakuta nafasi tupu mezani, niliogopa kweli, nikashika ukingo wa meza.

Chumba cha wagonjwa si cha watu. Ni chumba cha nyuma kabisa cha kitalu chetu: sakafu ya saruji, dirisha la wavu mwembamba, mlango wenye kufuli kubwa. Humo tunaweka udongo wenye mnyauko, ule ugonjwa unaoingia kwenye mgomba kupitia mizizi na kuziba njia za maji, majani yakageuka njano kuanzia ya chini, shina likapasuka, mgomba ukafa umesimama. Hauna dawa. Ukishaingia shambani umeingia. Unaweza kufyeka migomba yote ukalima kitu kingine miaka na miaka, na siku ukirudisha mgomba utaukuta ugonjwa unakungoja. Unasafiri kwa maji, kwa jembe, kwa tope kidogo tu la kisiginoni. Kwa hiyo kwetu mtu haingii chumba kile na viatu vyake. Unavua, unavaa mabuti ya mpira ya humohumo, na ukitoka unakanyaga beseni la dawa na kunawa mpaka viwiko. Hata ufagio wa chumba kile haujawahi kutoka nje.

Sasa mezani palikuwa na mikebe ya plastiki ya miche imejipanga, kila mmoja na trei yake ya maji, na pale mbele, karibu na mlango, palikuwa na trei peke yake. Mkebe hakuna. Mche hakuna. Udongo wake nao, jamani, hakuna.

Nilitazama chini ya meza. Nilitazama nyuma ya mapipa. Nilijiambia ni panya, kisha nikajitukana, panya gani anabeba mkebe mzima?  Mche wenyewe niliujua, na aliyeupenda nilimjua pia, ila kichwa kilikataa kuviunganisha.

Ngoja nieleze. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Unachukua chipukizi, unapanda, kwisha habari. Ndizi mwitu ni kitu kingine kabisa. Ukiimenya hupati cha kutafuna, imejaa mbegu tu, nyeusi, ngumu kama changarawe. Mkuu wetu wa kitalu alipata mfuko wake kutoka msitu wa mbali, kwa sababu inasemekana huo mgomba wa mwitu mnyauko hauuwezi. Tukipata miche yake, tuiweke kwenye udongo mgonjwa, tuone ipi inasimama. Itakayosimama ndiyo tutakayozalisha nayo migomba mipya. Mpango mzuri. Tatizo ni mbegu zenyewe, zina kiburi hizo! Tulizipanda kitaluni, tukamwagilia, tukazibembeleza, hakuna hata moja iliyochungulia. Zinataka kulowekwa, kisha kusuguliwa kwa msasa ganda lipungue, kisha zinataka joto mchana na baridi usiku, joto na baridi, kila siku, bila kuchoka. Kisanduku cha joto cha ofisini kilikuwa kimeharibika. Nikamwambia Mkuu, nipe hizo zilizobaki, kwetu kuna jiko la mkaa ambalo halizimwi.

Kwetu ni kwa Mama. Nilirudi kwake ndoa yangu ilipokufa kifo cha kawaida, na mpaka leo hajaniuliza kwa nini, ila huniambia nipunguze mdomo. Niliweka trei za mbegu kwenye rafu juu ya jiko lake, nikamweleza: mchana zikae hapa, usiku zihamie dirishani. Nilidhani nitafanya mwenyewe. Wapi! Mara ya pili tu nikamkuta ameshazihamisha, amezifunika kwa khanga kuukuu, anazinong'oneza, "Haya, laleni." Ikawa kazi yake. Zikakaa kimya mpaka mimi nikakata tamaa, nikasema zimekufa, nitupe. Mama akasema, "Tupa zako, hizi zangu." Na siku moja asubuhi akaniamsha kwa kunivuta mguu. Kwenye trei kulikuwa na kitu kidogo cha kijani, kimekunjwa kama karatasi ya sigara. Mama alikuwa analia. Akakiita Kifungua Mimba.

Baadaye wengine wakafuata, mmoja leo, mwingine baada ya wiki nyingi, bila mpangilio. Lakini ni yule wa kwanza aliyekuwa na jina. Alipokuwa na majani ya kutosha nikaibeba miche yote kuirudisha kazini, na jioni hiyo, mezani, nikamweleza Mama hatua inayofuata. Nilieleza kwa kicheko, mjinga mimi. Nikasema, "Sasa tunawapanda kwenye udongo wenye ugonjwa, tuone nani atakufa."

Mama akaacha kula. "Watoto wangu?"

"Mama, ni migomba."

"Nimekuuliza, watoto wangu?"

Nikacheka tena. Hakuniongelesha mpaka kesho yake.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miche tukaipanda kwenye udongo mgonjwa, wiki zikapita. Na Jumatatu ile nilitoka chumba cha wagonjwa, nikakanyaga dawa, nikanawa mpaka viwiko, nikaenda getini kwa mlinzi. Yeye ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo nilitaka maneno machache tu.

"Nani ameingia huku nyuma wiki iliyopita?"

"Hakuna mtu," akasema. "Labda mama yako ile Alhamisi, alipokuletea funguo ulizosahau. Wewe ulikuwa kwenye mkutano. Alisema anakwenda kukuwekea mezani kwako. Tena mama yako ana nguvu! Alitoka na kikapu kizito, nikamsaidia mpaka barabarani."

"Ulimsaidia kubeba."

"Si ndiyo adabu?"

Nikampa mgongo. Alhamisi! Kutoka mkutanoni nilitumwa safari moja kwa moja, nikarudi Jumatatu hiyo kazini bila kupita nyumbani, Jumamosi na Jumapili kitalu kimefungwa, miche ina maji yake kwenye trei, hakuna aliyechungulia. Siku zote hizo udongo ule ulikuwa nje, na kule kwetu kuna migomba kushoto, kulia, mbele na nyuma. Si ya Mama tu. Ukisimama kwenye kizingiti chetu unaona migomba ya jirani, na ya jirani wa jirani, mpaka chini bondeni. Hiyo ndiyo inayowalisha wote pale. Ng'ambo ya kilima mnyauko ulishapita. Watu walifyeka mpaka mgomba wa mwisho, na nyumba nyingi kule zina makufuli milangoni hadi leo, wenyewe walishahama. Nilifika kule wakati ule kama mtu wa kitalu, kuchukua udongo. Udongo wa chumba chetu cha wagonjwa ulitoka kwao.

Nikapanda pikipiki. Dereva akawa ananisemesha, namsikia kwa mbali kama yuko ndani ya pipa. Niliogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu: awe hajaupanda. Mungu wangu, awe hajaupanda.

Mama alikuwa jikoni, anachambua mchele kwenye ungo. Aliniona mlangoni akajua. Hakusimama.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Mama, usinichezee! Yuko wapi?"

Akaelekeza kwa kidevu. Kifungua Mimba alikuwa juu ya rafu, palepale pa zamani, kwenye sufuria kuukuu lililotobolewa chini, majani yamefutwa vumbi yanang'aa. Hakuwa ardhini. Nilikaa kwenye kigoda nikashusha pumzi mpaka nikasikia kizunguzungu. Nikacheka kidogo, nikafuta macho.

"Nilimkuta jani lake la chini limeanza njano," Mama akasema. "Ungekuwa wewe ungemwacha? Mtu unamwona mwanao yuko wodini, anageuka rangi, mlango una kufuli, na funguo ziko mkononi mwako. Ungemwacha?"

"Ungeniambia."

"Ungenicheka."

Kweli ningemcheka. Nikanyanyuka kutazama sufuria. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu, mkavu, wa pale uani kwetu. Udongo wa chumba cha wagonjwa ni mweusi, unanata. Nikaingiza kidole. Mwekundu mpaka chini.

"Mama. Udongo wake uko wapi?"

"Upi?"

"Aliokuja nao."

Uso wake ukachangamka, jamani, kama mtu anayengoja kusifiwa. "Unadhani mimi mjinga? Si ulisema udongo wenyewe ndio mgonjwa? Nilimtoa wote. Nikamwosha mizizi kwenye beseni, taratibu, maji mara tatu, mpaka yakatoka meupe. Sikumwaga ovyo. Nikamwaga kwenye samadi, udongo na maji yake. Samadi ina moto ndani, inaunguza kila kitu, hata mbegu za magugu zinakufa. Mkebe nikauchoma."

 Samadi ile ingeunguza magugu, ni kweli, lakini kwenye lile joto la katikati tu. Yeye alimwaga juu, pembeni, na huu ugonjwa si magugu. Nilijitahidi kuongea polepole.

"Twende ukanionyeshe mahali."

"Subiri." Aliweka ungo chini, akanishika mkono. Viganja vyake vilikuwa na vumbi la mchele. "Kama nimekosea, tuchote ile sehemu tuichome. Wewe umrudishe mtoto kule ulikomtoa. Mlinzi hajui, Mkuu hajui, mimi sisemi. Nani atajua?"

Nitasema ukweli: nilitaka. Nilijiona nikichota, nikichoma, nikirudisha mkebe mwingine mezani, na Jumanne nikienda kazini kama kawaida. Kazi yangu ingebaki. Mama asingenyooshewa kidole na mtu yeyote bondeni mpaka anakufa. Nikasema, "Sawa, lete koleo." Nikaona alivyopumua, na mimi nikapumua.

Samadi inakaa nyuma ya nyumba, upande wa barabara. Ni yetu kwa jina tu. Mama na wenzake wana kikundi cha kulimiana: leo wote wako shamba la huyu, kesho la yule, na samadi wanaichanga na kuilundika kwetu kwa sababu ndipo toroli linapofika. Kila asubuhi wanapita, wanajaza toroli, wanakwenda kwa mwenye zamu na kutia kwenye mashina ya migomba yake. Wiki hizo Mama hakuwa anakwenda, goti lilikuwa linamsumbua. Yeye alikuwa anawapikia uji tu.

Tulipozunguka kona ya nyumba, Mama alisimama ghafla. Koleo likamponyoka.

Upande wa lundo unaotazama barabara haukuwepo. Lundo lilikuwa limekatwa wima kama mkate, na chini kulikuwa na ardhi tupu iliyofagiwa, na alama ya gurudumu la toroli, moja juu ya nyingine, inaelekea njiani.

"Nilimwaga hapa," Mama akasema. Akaelekeza hewani, mahali ambapo samadi ilikuwa. "Hapa."

"Walianza lini kuchota upande huu?"

 Alikaa chini, palepale kwenye vumbi, na goti lake bovu. Nikamwinamia nikamtikisa bega, nikamfokea, Mungu anisamehe, nikamfokea mama yangu. "Walianza lini?"

"Ijumaa," akasema. "Ijumaa walikuwa kwa yule fundi cherehani. Jumamosi kwa dereva mstaafu. Leo wako kwa Mama Pacha." Kisha akaniangalia, na macho yake yalikuwa ya mtoto aliyevunja kitu. "Niliwapikia uji. Niliwaona wanachota, nikawapikia uji."

Siri ilikufa hapo. Nilimpigia Mkuu simu, vidole vinakosea namba. Nikamweleza yote kwa mkupuo, bila kupamba.  Akaniambia, kwa sauti ndogo, "Wazuie wasitembee. Unanisikia? Kila mtu abaki hapohapo alipo, na jembe lake na viatu vyake. Nakuja na dawa. Wakitembea sasa hivi hatutajua tena ugonjwa umeishia wapi."

Mama hakukubali kubaki. Alichechemea nyuma yangu, ananiita nimsubiri, nami sikusubiri. Njia ya kwa Mama Pacha inapita kati ya migomba ya watu, na kila hatua nilitazama chini. Samadi ilikuwa imedondoka njia nzima. Fundo hapa, fundo pale, na nyayo za watu juu yake, za kwenda na kurudi.

Niliwasikia kabla sijawaona. Wanacheka, mtu anamtania mwenzake kwamba analima kama anakuna mgongo. Halafu nikawaona, wanawake na wanaume, wameinama kwenye mistari, toroli katikati, samadi imeshatiwa kwenye kila shina. Migomba ya Mama Pacha ilikuwa imebeba, mikungu imeinama. Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyenyanyuka wa kwanza. Mwanamke mnene, mcheshi, mapacha wake ameshawaoza wote wawili na bado tunamwita hivyo.

"Heee! Kiberiti leo kaja kulima! Mpeni jembe!"

Wakacheka wote. Mmoja akaninyooshea jembe.

"Simameni," nikasema.  "Simameni! Asiondoke mtu! Wekeni majembe chini, msitembee!"

Wakadhani ni nyoka. Watu wakaruka, wakatazama chini. Mwingine akauliza yuko wapi, mwingine akaokota jiwe. Nikawa natafuta neno la kuanzia na silipati, mimi ambaye maneno hayajawahi kunipungukia. Mama akafika nyuma yangu, anahema.

"Ni mimi," akasema. "Kuna udongo niliuleta kutoka kazini kwa huyu. Nikaumwaga kwenye samadi yenu. Una ule ugonjwa wa ng'ambo ya kilima."

 Mama Pacha alitazama samadi kwenye shina lililo mbele yake, akatazama mikono yake, akaipangusa kwenye khanga, akaitazama tena.

"Wa ng'ambo," akasema. "Ule wa ng'ambo?"

"Sijui kama umeshashika," nikasema. "Hatutajua leo. Majani ndiyo yatakayosema, na yanachukua miezi. Lakini unatembea na tope. Uko kwenye viatu vyenu, uko kwenye majembe. Mkuu wangu anakuja na dawa. Nawaomba, kaeni hapohapo mlipo. Mtu akitoka hapa na tope hili akaingia shambani kwake, amejipelekea mwenyewe. Mnanielewa? Amejipelekea mwenyewe!"

Walinielewa. Niliona wanavyoelewa. Dereva mstaafu, mzee mtulivu asiyependa ugomvi, alikuwa ameinua mguu mmoja na hajui auweke wapi. Kwa muda nikadhani imewezekana.

Kisha fundi cherehani akasema, "Lakini kwangu mlikuwa Ijumaa."

Hakusema kwa nguvu. Alikuwa anahesabu moyoni, na maneno yakamponyoka. Ni mjane, migomba ndiyo iliyobaki baada ya mumewe. "Ijumaa mlikuwa kwangu. Mlitia kila shina. Niliwaambia tieni nyingi." Akageuka, akashika sketi yake.

"Usiende," nikasema. "Shangazi, tafadhali, usiende!"

Akakimbia. Mwanamke wa umri ule, alikimbia kama nyumba yake inaungua, tope limemganda miguuni mpaka kwenye vifundo. Na yule aliyekuwa karibu naye akamtazama, akatupa jembe, akakimbia upande wa kwake. Halafu dereva mstaafu. Halafu wote kwa pamoja, kila mtu njia yake, wanapita kati ya migomba ya watu kwa mkato, wanaruka matuta, wanaitana. Hata Mama Pacha alikimbia, ingawa shamba lilikuwa lake na hakuwa na pa kukimbilia. Alizunguka tu kati ya migomba yake akishika shina moja baada ya jingine. Nilipiga kelele mpaka koo likawaka. Niliwaita kwa majina yao, kwa majina ya watoto wao, nikawatukana, nikawaomba. Hakuna aliyegeuka.

Mama peke yake ndiye aliyebaki pale nilipowaambia wabaki. Alikuwa amevua kandambili zake, amezishika mkononi, na hakusogeza mguu mpaka Mkuu alipofika.